AMANA YA MWENYE KUZAA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone dhaifu, akamlea gizani mwa tumbo la mamake, kisha akamtoa duniani hali hajui kitu. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, leo sitazungumza juu ya hitilafu za wanavyuoni, wala juu ya mambo ya watu wa mbali. Nataka kuzungumza juu ya chumba kimoja kilichomo katika kila nyumba ya mji huu, nacho ni chumba anachozalia mwanamke. Sisi wanaume hatuingii humo wakati wa kazi yake. Twakaa nje barazani, twanywa kahawa, twangojea kupewa mkono wa kheri. Walakini yanayotokea humo ndani mara nyingi huwa yamekwisha amuliwa na sisi tulioko nje. Kwa hivyo hesabu yake, Siku ya Hesabu, iko juu yetu.

Haya nitakayoyasimulia hayakutokea kwa jirani wala kwa mtu wa mtaa wa pili. Yalitokea nyumbani kwangu, miaka 8 iliyopita. Nalimtaka mwenyewe idhini ya kuyaandika, naye akanijibu: "Andika, Maalim. Lakini uyaandike yote, usiyafiche yaliyokuwa juu yako." Basi nayaandika yote.

Ahli yangu alikuwa na mimba ya mtoto wa tano. Wanne wa kwanza wote walizaliwa nyumbani, mikononi mwa bibi mmoja mkunga, mtu mzima mcha Mungu, aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa wetu. Alipokwenda kliniki aliambiwa kwamba kwa kuwa amezaa mara nyingi, na kwa kuwa mara ya nne alitokwa na damu nyingi, yafaa safari hii akazae hospitali. Akaja akanieleza. Nami nikamjibu: "Wanne wamezaliwa humu ndani salama, na wa tano ni vivyo hivyo. Mtegemee Mungu." Neno hilo nalilisema nikidhani kuwa ni tawakkul. Leo najua ya kuwa ulikuwa ni uzito wangu wa kutoka na kutoa, na kuona haya kwangu asije akatazamwa na daktari mwanamume, nikauvika uzito huo nguo ya dini.

Siku ilipofika, uchungu ulimshika baada ya Adhuhuri. Yeye mwenyewe anasimulia hivi:

"Nalikuwa jikoni. Nikahisi mgongo unakatika, nikajua ni saa yangu. Nikaepua chungu, nikawapa watoto chakula chao, nikamwita mama, na mama akamwita bibi mkunga. Uchungu ukija naushika ubavu wa kitanda, ukenda nasema Alhamdulillahi. Mtoto alitoka muadhini wa Isha akiadhini, nami nikafurahi nikaona ni fali njema. Alilia kwa nguvu, na zalio likatoka bila ya taabu. Nikasema, nimepoa. Kisha nikasikia ujoto miguuni. Mama akatia kitambaa, kikajaa. Akatia leso, ikajaa. Sikuwa na maumivu yoyote. Nalikuwa na baridi tu, na masikio yakivuma. Nikawasikia watu wakisema mlangoni, nikajua kuwa wanasema juu yangu, walakini hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akisema na mimi. Nalitaka kuwaambia, nitoeni. Ulimi ulikuwa mzito."

Hayo ndiyo maneno yake. Na nje ya mlango mambo yalikuwa hivi. Bibi mkunga alimkanda tumbo kwa nguvu zake zote, kisha akatoka akasema waziwazi: "Hii si kazi yangu tena. Mimi nazalisha, lakini siwezi kumtia mtu damu. Mpelekeni." Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa pale, akasema: "Hatoki mwanamke katika nyumba hii usiku illa kwa idhini ya mumewe. Mwiteni mwenyewe." Wakanipigia simu, nami nalikuwa nimeifunga tangu Maghribi kwa sababu ya darsa. Wakamtuma mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka 9, anifuate msikitini. Na huku nyuma, jamaa mmoja akakimbilia kuleta kombe lililoandikwa kwa zafarani, mwengine akafukiza ubani akisema kuwa ni pepo, na wengine wakawa wanafungua makasha na kufungua mafundo ya nguo, kana kwamba damu ya mwanadamu yasikiliza mafundo.

Mimi nalikuwa wapi? Tulikuwa tumekwisha kusali Isha, tumesimama kwenye baraza ya msikiti, watu kadiri ya saba, tukibishana juu ya mahali pa kuweka mikono katika Sala, juu ya kitovu au juu ya kifua. Mwanangu alifika akasimama nyuma yangu. Hakusema neno. Mtoto huyu alikuwa amefundishwa adabu ya kutokatiza maneno ya watu wazima, na aliyemfundisha ni mimi. Akasimama akingoja tumalize, nasi hatukumaliza. Kadiri ya nusu saa ilipita.

Kilichoniondoa pale ni kiti. Vijana wanne walipita mbio katika ujia huku wamebeba kiti, na juu yake mwanamke aliyezongwa leso, kichwa chake kimelala. Mmoja wetu akasema: "Mwenyezi Mungu amfariji. Mke wa nani yule?" Mwanangu akajibu kwa sauti ndogo: "Ni mama."

Aliyemtoa ni binti wa jirani yetu, aliyekuwa akisomea uuguzi, na ambaye baadhi yetu tulikuwa tukimsema babake kwa kumwacha asome kazi ile. Alisikia zogo, akaingia. Akaweka mkono tumboni mwa mgonjwa, akamwambia mkunga, "Bibi, likande, usiliache," akamweka mtoto kwenye ziwa la mamake, kisha akatoka kwa ami yangu akasema: "Baba, nakuomba radhi. Dhambi ya kumtoa na iwe juu yangu." Akawaita vijana, wakaleta kiti, kwa kuwa ujia wetu hauingii gari, wakambeba mpaka barabarani, wakapata tuktuk. Hospitalini alipigwa sindano ya kulikaza tumbo la uzazi, akatundikiwa maji, kisha akatiwa chupa tatu za damu. Aliyemshughulikia alikuwa daktari mwanamume, wala hakuwa wa dini yetu. Na damu aliyotiwa ni ya watu tusiowajua, waliotoa bila ya kuuliza ni nani atakayeipata. Daktari aliniambia maneno machache: "Ustadh, mngekawia kidogo tena, ungekuja kuchukua maiti."

Mama yu hai, alhamdulillahi. Mtoto ana miaka 8 na asoma Juzuu Amma. Lakini mimi tangu usiku ule sikuacha kujiuliza: lau mambo yangekwenda kinyume, ningemjibu nini Mola wangu? Ningesema kwamba nalikuwa nikitafuta pa kuweka mikono?

Ndugu zangu, na tuyapime haya kwa mizani ya dini yetu.

Jambo la kwanza ni cheo cha mama. Mwenyezi Mungu ametuusia wazazi wawili katika Suratu Luqman, aya ya 14, na katika Suratul Ahqaf, aya ya 15. Katika pahali pote pawili, baada ya kuwataja wote wawili, amerejea kwa mama peke yake akataja taabu yake: kubeba mimba, udhaifu juu ya udhaifu, na kuzaa kwa mashaka. Hakutaja taabu ya baba pale. Na imepokewa kwamba mtu mmoja wa Yaman alikuwa akitufu Al-Kaaba hali amembeba mamake mgongoni, akamwuliza Abdullahi bin Umar r.a. kama amekwisha mlipa. Akamjibu kwamba hajamlipa hata kwa mguno mmoja wa uchungu wake. Basi ikiwa mguno mmoja haulipwi kwa kumbeba mgongoni mbele ya Nyumba ya Mwenyezi Mungu, itakuwaje kwa yule anayeachwa atoke damu hali watu wangoja mtu arudi barazani?

Jambo la pili ni maana ya tawakkul. Wengi wetu tukiambiwa kwenda hospitali twasema kwamba Bibi Maryam a.s. alizaa chini ya mtende, hana daktari wala mkunga. Na tuisome Suratu Maryam vizuri, kuanzia aya ya 23. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, na ukali wake ulimfanya atamani kuwa lau alikufa kabla ya hayo. Hii ni dalili ya kwanza, kwamba kulia na kulalamika kwa mwenye kuzaa si udhaifu wa imani, maana huyu ni mbora wa wanawake. Kisha akaliwazwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji, akaamrishwa alitikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, ale na anywe na jicho lake litue. Mwenyezi Mungu ni muweza wa kumteremshia chakula mdomoni. Mwanamke aliye katika uchungu hana nguvu za kuutikisa mtende, na juu ya hayo aliamrishwa aweke mkono wake kwenye sababu. Basi huo mtende wenu wa leo, enyi watu, ni kliniki, na gari, na damu iliyowekwa akiba. Utikiseni.

Na Bwana Mtume s.a.w. alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kisha ategemee, akawaamrisha watu wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa illa ameuwekea na dawa, isipokuwa uzee. Naye Sayyidna Umar r.a., alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni akarudi na watu wake, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kumtoa mwanamke nyumbani kumpeleka penye damu na dawa ni kama hivyo.

Jambo la tatu ni idhini ya mume. Ami yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia nusu ya mas-ala akaishika kama kwamba ndiyo yote. Ni kweli wanavyuoni wametaja idhini ya mume katika kutoka kwa mkewe. Lakini hao hao wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wametoa udhuru, na katika mifano yao ni nyumba inayotaka kubomoka: mke atatoka, wala hangojei idhini, wala hawi mwenye kuasi. Nami nawauliza, ni nyumba gani inayobomoka kushinda mwili unaomwaga damu? Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 233, amewataka mume na mke washauriane na waridhiane juu ya kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa kuachisha ziwa kwataka mashauri ya wawili, je, kumzaa huyo mtoto kuwe ni amri ya mmoja, tena asiyekuwapo?

Kwa hivyo natamka hapa, na kila mwanamke aliyeolewa na asomewe: mume mwenye akili na atoe idhini yake mapema, mbele ya mashahidi wa nyumba, tangu mimba ingali changa, kwamba ikitokea khatari asingojewe yeye wala mtu mwengine yeyote. Mimi nimekwisha kuitoa.

Jambo la nne ni haya na kuonwa uchi. Haya ni katika imani, wala simlaumu mwanamke anayeona haya. Walakini sheria imeweka daraja. Atafutwe kwanza tabibu mwanamke Mwislamu. Asipopatikana, mwanamke asiyekuwa Mwislamu. Asipopatikana, mwanamume, naye atazame kadiri ya haja tu. Dharura huhalalisha lililokatazwa, na roho ni dharura iliyo kubwa. Na wako wanaoogopa kupasuliwa, wakisema ni kuubadilisha uumbaji. Hao na wajue kwamba wanavyuoni wa Kishafii wamesema, mwanamke akifa na tumboni mwake mna mtoto anayetarajiwa kuwa hai, tumbo lake litapasuliwa atolewe. Ikiwa aliyekufa hupasuliwa kwa ajili ya kuokoa roho moja, basi aliye hai ana haki zaidi ya kupasuliwa kwa ajili ya kuokoa roho mbili.

Tena wale wanaolalamika kwamba hospitalini mna wanaume, na waseme, wamewasomesha mabinti wangapi? Imam Ghazali, katika Ihya, aliihesabu elimu ya utabibu kuwa ni fardhi ya kutosheleza, akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika mabishano ya fiqhi wakaacha utabibu, hata miji mingine ikawa haina tabibu ila asiyekuwa Mwislamu. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900, nami nikiyasoma naona aibu, kwani nilikuwa mmoja wa wale saba wa barazani. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanza kutoa gazeti la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, aliwahimiza Waislamu wa pwani hii wasomeshe watoto wao, wa kiume na wa kike. Binti yule wa jirani ni jawabu ya mwito ule, nasi tulikuwa tukimcheka.

Jambo la tano ni ujinga unaovikwa joho la elimu. Imepokewa kwamba sahaba mmoja alijeruhiwa kichwani, kisha akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana, akaoga akafa. Bwana Mtume s.a.w. alipopata khabari alikasirika, akasema kwamba wamemwua, na kwamba ponyo la asiyejua ni kuuliza. Na imepokewa pia kwamba mwenye kujifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi hilo li juu yake. Na wenye kuandika makombe, na wenye kusema kwamba mwanamke anayetetemeka na kukaza meno ameingiliwa na pepo, na wasikie hadithi hizi mbili.

Hicho wanachokiita pepo, mara nyingi ni kifafa cha mimba. Huletwa na presha ya damu iliyopanda, na alama zake hutangulia: kichwa kuuma sana, macho kuona kiwi, uso na mikono kuvimba. Dawa yake iko, na wenye kuijua wako. Ubani haumo katika dawa hiyo. Ama kutoka damu, sababu yake kubwa ni hii: mtoto na zalio wakisha kutoka, tumbo la uzazi hujikaza mfano wa ngumi, likaziba mishipa. Likichoka lisijikaze, au kikibaki kipande cha zalio ndani, damu humwagika, na mwanamke aliyekuwa mzima aweza kufa katika muda wa saa mbili au chini ya hapo. Mwanamke aliyezaa mara nyingi huwa karibu zaidi na khatari hii. Basi neno langu la kwamba "wanne wametoka salama" lilikuwa kinyume cha hoja. Hao wanne ndio waliozidisha khatari ya wa tano.

Dua ni silaha ya Muumini, wala sikatazi kumsomea mgonjwa Qur'ani. Msomee huku mwapanda gari.

Jambo la sita ni neno ambalo watu hujiliwaza nalo, kwamba mwanamke anayekufa kwa uzazi ni shahidi. Neno hili ni kweli, limepokewa kwa Bwana Mtume s.a.w., nalo ni rehema kubwa kwa waliofiwa. Lakini katika hadithi hiyo hiyo ametajwa pia anayezama majini. Je, ni nani miongoni mwenu atakayemwona mwanawe azama pale Forodhani, akae kitako akisema, mwacheni apate shahada? Shahada ni karama ya Mwenyezi Mungu kwa aliyekufa, wala haikuwekwa iwe udhuru wa aliyezembea.

Msidhani kwamba khatari hii ni ya nyumba yangu pekee. Hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, mama 355 hufa kwa sababu ya uzazi. Na wataalamu, tangu mwaka 1994, wameyagawa yanayowaua mama hawa katika kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutoka nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ya pili ni ya njia na vyombo, nayo ndugu zetu wa visiwa vya Lamu waijua zaidi, kwani wao hungoja maji yajae ndipo mashua itoke. Ya tatu ni ya wenye hospitali. Lakini ya kwanza ni yetu sisi, haitaki daraja wala lami wala fedha ya serikali. Yataka ulimi wa mwanamume useme neno moja: "Mpelekeni."

Na wenye hospitali nao nina neno kwao. Wanawake wetu wengi hawaogopi sindano, huogopa ulimi. Mwanamke aliye katika uchungu, akitukanwa mara moja, huwasimulia wenziwe kumi, na hao kumi wakazalia nyumbani. Enyi mlioshika kazi hii, mkononi mwenu mna amana mbili kwa wakati mmoja. Neno jema ni sadaka, na pale ndipo mahali pake.

Wala mtu asinifahamu vibaya akasema kwamba fulani ameharamisha kuzaa nyumbani. Sikuharamisha, wala sina haki ya kuharamisha. Mama zetu wametuzaa majumbani, na bibi wakunga wana haki juu yetu isiyosahaulika. Usiku ule, mwenye elimu ya kweli katika nyumba yangu alikuwa ni yule bibi, aliyejua mpaka wa kazi yake akausema mbele za watu. Mwenye kujua mpaka wake ndiye alimu. Ninalokataza ni lile ambalo Mwenyezi Mungu amelikataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, la mtu kujitupa kwa mikono yake katika maangamizo. Na mwenye kumtupa mwenziwe ni mbaya zaidi.

Basi nawausia haya. Mke akishika mimba, apelekwe kliniki mapema, na aliloambiwa huko lisikizwe. Nyote mjiandikishe katika bima ya afya ya serikali, ambayo tangu Oktoba 2024 imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, wala msingojee siku ya uchungu. Iwekwe akiba ya nauli, na ajulikane ni nani mwenye gari au mashua. Wajulikane watu wawili wenye damu inayofaa. Aliyeambiwa kwamba uzazi wake una khatari asizalie nyumbani kabisa. Kitovu cha mtoto kikatwe kwa wembe mpya na kisitiwe jivu wala samadi. Na maziwa ya mwanzo, yale ya manjano, yasimwagwe, kwani ndiyo kinga ya kwanza aliyoandikiwa mtoto na Mola wake. Simu ya mume isifungwe, hata akiwa katika darsa. Na watoto wetu tuwafundishe adabu, kisha tuwafundishe pia kwamba kuna saa ya kukatiza maneno ya wakubwa.

Namalizia kwa kisa kimoja. Wamesimulia wanahistoria kwamba Sayyidna Umar r.a., hali ni Amiri wa Waumini, alikuwa akizunguka usiku nje ya Madina akaona hema, na mbele yake bedui amekaa, na ndani mwanamke aliye katika uchungu, hana mtu. Hakusema kwamba mambo hayo ni ya wanawake. Alirudi mbio nyumbani, akamwamsha mkewe Ummu Kulthum, binti wa Sayyidna Ali r.a., akamwambia kwamba kuna kheri ambayo Mwenyezi Mungu amemletea, akajitwika yeye mwenyewe unga na mafuta. Mkewe akaingia hemani kumzalisha yule mwanamke, naye akakaa nje akiuchochea moto na kupika, moshi ukimpita ndevuni, mpaka mtoto akazaliwa. Bedui hakumjua mpaka mwisho.

Huyo naye alikaa nje ya mlango kama tunavyokaa sisi. Na tujitazame, kila mmoja wetu, akaaye nje ya mlango wa mwenye kuzaa, mkononi mwake mna nini.

Ewe Mola wetu, wasahilishie wanawake wetu uzazi wao, uwarehemu waliokufa katika hali hiyo, uwalinde mayatima waliowaacha. Utusamehe sisi tuliochelewa, wala usitujaalie kuchelewa tena. Amin. Wabillahi tawfiq.